Picha za Treni Adimu katika Njia ya Voi–Taveta–Kahe: Ushahidi, Maneno na Kumbukumbu ya Reli ya Mpakani

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya upigaji picha wa treni zinazopita kwa nadra katika njia za reli zenye matumizi madogo, kwa kutumia mfano wa njia ya Voi–Taveta–Kahe inayounganisha reli ya Kenya na reli ya Tanga–Moshi nchini Tanzania. Hoja kuu ni kwamba picha ya treni adimu huwa ushahidi wa kihistoria kwa kadiri ya maneno yanayoambatana nayo. Picha isiyo na tarehe, mahali, sababu ya safari wala majina ya watu hubaki pambo, hata ikiwa imepigwa kwa ustadi mkubwa. Makala yanaonesha kwamba maneno hayo kwa sehemu kubwa yameandikwa kwa lugha za kigeni na kuhusu mitambo pekee, ilhali Kiswahili kina msamiati wa reli uliokomaa, na wazee wanaoweza kuzisoma picha hizo wanazidi kupungua. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa makavazi, mashirika ya reli na vyombo vya Kiswahili vya kikanda.

1.0 Utangulizi

Historia ya reli ya Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kufuata njia kuu. Reli ya Uganda, iliyoanzia Mombasa na kufika Kisumu mwaka 1901, na Reli ya Kati, iliyotoka Dar es Salaam na kufika Kigoma mwaka 1914, zina vitabu, ripoti na picha nyingi. Njia za kando hazikubahatika hivyo. Nyingi hutajwa kwa sentensi moja: zilijengwa lini, zilifika wapi, zilikoma lini. Kinachotokea kati ya kujengwa na kukoma, yaani maisha ya njia yenyewe, hakionekani kwa urahisi katika nyaraka za ofisi.

Kwa njia za namna hiyo picha huchukua nafasi kubwa. Pale ambapo treni hupita mara moja kwa juma, kwa mwezi au kwa miaka kadhaa, kila picha ya treni ikiwa njiani ni habari. Picha hiyo huthibitisha kwamba siku fulani reli ilibeba uzito, daraja lilihimili, stesheni ilikuwa na mtu wa kupokea treni, na kulikuwa na mzigo au abiria wa kusafirishwa.

Katika makala haya, uadimu una maana tatu zinazopaswa kutofautishwa. Kwanza, upo uadimu wa njia, yaani njia inayopitwa na treni chache. Pili, upo uadimu wa kichwa cha treni, yaani injini kuonekana mahali ambapo si kawaida yake kufanya kazi. Tatu, upo uadimu wa safari yenyewe: treni ya kwanza baada ya matengenezo, treni ya mwisho kabla ya kufungwa, treni ya uokoaji baada ya ajali, au kiberenge cha ukaguzi kinachopita katika njia ambayo nyasi zimeshaota kati ya mataruma. Picha moja inaweza kubeba maana zote tatu. Asiyezitofautisha huandika historia isiyo sahihi.

2.0 Njia iliyozaliwa na vita

Njia ya Voi–Taveta–Kahe haikupangwa na wafanyabiashara. Mwaka 1914 kulikuwa na reli mbili zisizokutana. Upande wa Kenya ya leo, Reli ya Uganda ilipita Voi ikielekea Nairobi. Upande wa Afrika Mashariki ya Wajerumani, Reli ya Usambara, ambayo ujenzi wake ulianza Tanga mwaka 1893, ilikuwa imefika Moshi mwaka 1911. Kati ya njia hizo palikuwa na nyika kavu, milima ya Taita na mji wa Taveta, ambao Wajerumani waliuteka Agosti 1914 na kuushikilia hadi Machi 1916.

Waingereza walianza kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi mwaka 1915 ili kufikisha askari, maji na silaha karibu na mpaka. Vikosi vya ujenzi wa reli kutoka India vilifanya kazi hiyo pamoja na vibarua Waafrika. Reli ilisogea kupitia Mwatate na Bura hadi Maktau katika mwaka huohuo. Baada ya mapigano ya kilima cha Salaita mwezi Februari 1916 na kutwaliwa kwa Taveta mwezi uliofuata, ikaendelezwa hadi kuungana na Reli ya Usambara katika eneo la Kahe mwaka 1916. Jumla ya umbali wake ni takriban kilomita 150. Makaburi ya kivita ya Voi, Maktau na Taveta yamefuata mstari wa reli hiyo. Wapagazi wa vita hivyo, ambao jina la kikosi chao limebaki katika mitaa ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariakor ya Nairobi, hawakupata kumbukumbu inayolingana na idadi yao.

Baada ya vita, njia iliyokuwa silaha ikageuka kuwa njia ya biashara. Kahawa na mazao mengine ya Kilimanjaro yakawa na milango miwili ya bahari, Tanga na Mombasa. Katani ya Mwatate na Taveta nayo ikapata usafiri. Reli ya Tanga ilifikishwa Arusha mwaka 1929. Mwaka 1948 mashirika ya Kenya na Uganda na ya Tanganyika yaliunganishwa chini ya usimamizi mmoja, na njia ya Voi–Kahe ikawa kiungo cha ndani ya shirika moja. Hadi mwaka 1963, kilipofunguliwa kipande cha kilomita 188 kati ya Ruvu na Mruazi, hiyo ndiyo iliyokuwa njia pekee ya reli ya kuiunganisha Tanga, Moshi na Arusha na mtandao mwingine wa reli.

Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 kuliikata njia hiyo katika maana yake. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa hadi mwaka 1983, mashirika ya reli yakagawanywa, na injini, mabehewa na wafanyakazi wakabaki pale walipokuwa au wakahamishiwa upande wao. Chuma kilikuwa bado ardhini, lakini njia haikurudia tena nafasi iliyokuwa nayo. Tangu hapo kila treni iliyopita huko imekuwa tukio, na kila picha ya tukio hilo imekuwa na uzito usiolingana na udogo wake.

3.0 Waliopiga picha na walichokitafuta

Picha za mwanzo za reli katika eneo hili zilikuwa za kazi maalumu. William D. Young alipiga picha za ujenzi wa Reli ya Uganda mwishoni mwa karne ya 19, na albamu zake zinaonesha madaraja, makambi, milima na injini za ujenzi. Upande wa Wajerumani, Walther Dobbertin aliacha mkusanyo mkubwa wa picha za koloni hilo, ambao leo umo katika Makavazi ya Shirikisho ya Ujerumani. Wapigapicha hao walitafuta kuonesha maendeleo kwa jicho la dola. Treni ilipigwa picha kama ushindi: imefika. Watu waliokuwemo mara nyingi waliwekwa kuonesha ukubwa wa mtambo, na majina yao hayakuandikwa.

Kundi la pili lilikuwa askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Picha zao za njia ya Voi zinaonesha mahema, mabehewa ya maji na reli iliyotandazwa kwa haraka juu ya udongo mwekundu. Zina thamani kwa sababu zilipigwa bila kupangwa sana. Hata hivyo, maelezo yake yamejaa majina ya vikosi na maofisa, na yako kimya kuhusu vibarua.

Kundi la tatu ni wapenzi wa reli kutoka Ulaya na kwingineko, waliokuja kwa wingi zaidi katika miaka ya 1960 na 1970. Wakati huo injini za mvuke zilikuwa zimeondolewa au zinaondolewa katika nchi zao, ilhali Afrika Mashariki ilikuwa bado inazo, zikiwemo injini kubwa za aina ya Garratt zilizotengenezwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester. Wapenzi hao waliandika namba ya injini, aina yake, mpangilio wa magurudumu, saa na stesheni kwa uangalifu ambao ofisi nyingi hazikuwa nao. Kwao inadaiwa sehemu kubwa ya ushahidi uliopo kuhusu njia za kando. Lakini nao walikuwa na mipaka yao. Dereva aliyewapungia mkono, mkuu wa stesheni aliyewaeleza kwamba treni ya mizigo ingechelewa, na gadi aliyewaruhusu kusimama ukingoni mwa jukwaa, wote wameingia katika picha bila kuingia katika maelezo.

Kundi la nne limezaliwa juzi, nalo ni wananchi wenye simu. Treni ya mizigo ilipopita tena kati ya Tanga na Moshi mwaka 2019 baada ya ukimya wa zaidi ya muongo mmoja, treni ya abiria ya Dar es Salaam–Moshi ilipoanza Desemba mwaka huo, na safari zilipofika Arusha mwaka 2020, picha zilipigwa na watu wa kando ya reli wenyewe. Hili ni badiliko kubwa katika historia ya upigaji picha wa reli ya eneo hili. Jicho limehama kutoka kwa mgeni hadi kwa mwenyeji. Hatari yake ni kwamba picha hizo hukaa katika simu, na simu hupotea, huharibika au hubadilishwa, na picha huondoka nazo.

4.0 Namna picha ya treni adimu inavyopatikana

Anayetumia picha kama ushahidi anapaswa kujua jinsi ilivyopatikana. Katika njia yenye treni nyingi mpigapicha huchagua mahali, kisha akasubiri. Katika njia yenye treni chache hutafuta habari kwanza. Ratiba iliyochapishwa haimsaidii, kwa kuwa treni adimu haimo katika ratiba. Habari hiyo alikuwa nayo mkuu wa stesheni, kwa kuwa katika njia moja inayotumiwa na treni za pande zote mbili dereva haruhusiwi kuingia sehemu ya njia bila kibali cha stesheni. Aliyejua kibali kinatolewa lini ndiye aliyejua treni itapita lini. Kwa hiyo nyuma ya picha nyingi za treni adimu kuna mazungumzo, na katika ukanda wa Voi, Taveta na Moshi Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kuwakutanisha wafanyakazi wa reli waliotoka pande mbalimbali.

Mwanga nao huamua mengi. Njia ya Voi–Taveta inaelekea magharibi. Treni inayokwenda Taveta asubuhi huwa na jua nyuma yake, na uso wa injini huwa gizani. Treni inayotoka Taveta kwenda Voi saa hizohizo huwa na uso angavu. Adhuhuri, kwa kuwa eneo liko karibu na ikweta, jua husimama utosini na kutia kivuli kizito chini ya boila na kuficha magurudumu. Kilimanjaro huonekana vizuri zaidi mapema asubuhi na jioni, kwani mawingu hupanda kadiri siku inavyopata joto. Kutokana na hayo, mkusanyo wa picha za njia hii unaweza kuonesha treni za upande mmoja kuwa nyingi kuliko za upande mwingine. Mtafiti asikimbilie kusema kwamba biashara ilikuwa na mwelekeo huo. Pengine jua ndilo lililokuwa na mwelekeo.

Moshi pia unahitaji tahadhari. Injini za mvuke za shirika la Afrika Mashariki katika miaka yake ya mwisho zilichoma mafuta mazito, si makaa ya mawe. Injini ya namna hiyo ikiendeshwa vyema hutoa moshi hafifu. Wingu zito jeusi linalopendwa katika picha mara nyingi humaanisha kwamba moto haukupata hewa ya kutosha, au kwamba mchochea moto alikuwa akitupia mchanga tanuruni ili kusafisha masizi katika mirija ya boila. Katika treni maalumu zilizokodiwa na wapenzi wa reli, moshi huo uliweza kuombwa, na treni ikarudishwa nyuma ili ipite tena mbele ya kamera. Picha ya namna hiyo si ya uongo, lakini ni kumbukumbu ya onesho, si ya kazi ya kila siku. Kutenganisha treni ya kazi na treni ya kamera ni sharti la kwanza la uhakiki katika uwanja huu.

5.0 Kuisoma picha: uzito, herufi na jina

Picha ya injini, ikisomwa kwa makini, hueleza mambo ambayo mpigapicha hakukusudia kuyaeleza. Mambo matatu yanafaa kutajwa.

La kwanza ni uzito. Injini za kundi la 59, ambazo zilikuwa 34 na zilitengenezwa 1955–1956, zilikuwa kubwa kuliko injini nyingine zote za mvuke za reli ya upana wa mita moja duniani. Kila moja ilikuwa na tani 252, na uzito wa takriban tani 21 kwa ekseli. Reli nyepesi za njia za kando hazikuweza kuzibeba. Injini za kundi la 60, zilizotengenezwa 1953–1954, zilikuwa na takriban tani 11 kwa ekseli, na kwa hiyo ziliweza kwenda pale ambapo kundi la 59 halikuthubutu. Picha ikionesha injini nzito katika njia inayojulikana kuwa nyepesi, ama maelezo yake yamekosea mahali, ama njia ilikuwa imeimarishwa. Katika hali zote mbili mtafiti ameonyeshwa pa kuchimba.

La pili ni herufi za mmiliki zilizoandikwa ubavuni. Herufi za Kenya na Uganda, za Tanganyika, za shirika la pamoja baada ya 1948, na za mashirika ya kitaifa baada ya 1977 huweza kuipa picha isiyo na tarehe mipaka ya kuanzia na kuishia. Rangi husaidia pia. Injini nyingi za shirika la pamoja zilipakwa rangi ya damu ya mzee, ambayo katika filamu ya rangi nyeusi na nyeupe hufanana na nyeusi. Wapo walioandika kwamba injini hizo zilikuwa nyeusi kwa sababu waliziona katika picha tu.

La tatu ni jina, na hapa historia ya reli inakutana na historia ya lugha. Injini za kundi la 60 zilipewa majina ya magavana wa kikoloni. Baada ya uhuru vibao hivyo viliondolewa. Picha inayoonesha kibao na picha inayoonesha nafasi tupu kilipokuwa kibao ni nyaraka mbili za siasa ya majina, na huenda zikawa za injini ileile. Injini za kundi la 59 zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na majina hayo yaliachwa. Makundi mengine yalipewa majina ya makabila. Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyoanzishwa mwaka 1971, imehifadhiwa injini 6006 iliyoitwa kwa jina la Sir Harold MacMichael, aliyekuwa gavana wa Tanganyika. Humo pia imo injini 3020 yenye jina la Wanyaturu wa Singida, pamoja na injini mbili za kundi la 59: 5918, yenye jina la mlima Gelai, na 5930, yenye jina la Shengena.

Shengena ni kilele cha juu kabisa cha milima ya Pare, na reli ya Tanga–Moshi hupita chini ya milima hiyo, upande wa magharibi, ikikatiza Hedaru, Makanya na Same. Injini iliyobeba jina la mlima huo ilikuwa nzito mno kwa reli inayopita chini yake. Jina lilizunguka kati ya Mombasa na Nairobi huku mlima ukibaki na treni nyepesi. Injini 5918 ilirejeshwa katika hali ya kutembea mwanzoni mwa karne ya 21 na kuvuta treni maalumu, na picha zake za kipindi hicho ni nyingi. Mtu wa Same anayeziangalia anaona injini yenye jina la mlima wa Tanzania ndani ya nchi nyingine. Maelezo ya picha yanayotaja tani na magurudumu pekee hayamwambii lolote kuhusu jambo hilo.

6.0 Maneno ya picha

Ingekuwa kosa kudhani kwamba picha hizi zimeelezwa kwa lugha za kigeni kwa sababu Kiswahili hakina maneno. Reli imeishi ndani ya Kiswahili kwa zaidi ya karne moja. Neno garimoshi lilitokana na kilichoonekana kwanza, na limeendelea kuishi hata baada ya dizeli na umeme kuuondoa moshi. Taruma, ambalo kwa wajenzi wa vyombo vya baharini ni ubao wa kutia nguvu ndani ya chombo, lilihamishiwa kwenye ubao au chuma kinacholaliwa na reli. Behewa, ambalo lina maana ya ukumbi au nafasi ya ndani ya jengo, likawa chumba kinachokwenda kwa magurudumu. Kwa upande mwingine, reli, treni, stesheni na gadi yalipokewa kutoka Kiingereza na kunyooshwa kwa matamshi ya Kiswahili. Kiberenge kikabaki kuwa jina la kigari kidogo cha ukaguzi, ambacho katika njia zilizolala huweza kuwa chombo pekee kinachopita.

Msamiati huu hautumiki katika orodha za picha. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, mwanafunzi wa Taveta au Kahe anayetafuta picha za njia ya kwao kwa Kiswahili hazipati, hata kama zipo na ziko wazi kwa umma. Pili, aina ya habari inayohifadhiwa huamuliwa na lugha ya orodha. Orodha za wapenzi wa reli zina safu ya namba ya injini, lakini hazina safu ya jina la dereva, jina la mahali kama linavyotamkwa na wenyeji, wala sababu ya watu kukusanyika kando ya njia. Habari isiyo na safu ya kuandikwa hupotea bila ya mtu kukusudia kuipoteza.

Wapo wanaoweza kuijaza safu hiyo, lakini muda ni mfupi. Aliyekuwa mchochea moto mwenye umri wa miaka 25 wakati Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 sasa amepita miaka sabini. Yeye ndiye anayeweza kuiangalia picha na kusema hapa ni kabla ya Maktau, huyu alikuwa fulani, na treni hii ilikuwa imebeba maji kwa sababu mwaka ule visima vilikauka. Makavazi yenye picha bila mzee huyo yana nusu ya ushahidi. Mzee huyo bila picha naye ana nusu. Nusu hizo mbili hazijakutanishwa kwa mpango wowote wa kikanda unaolingana na ukubwa wa kazi yenyewe.

7.0 Ruhusa na hofu

Sababu moja ya uchache wa picha zilizopigwa na wenyeji katika miongo ya mwanzo ya uhuru ni gharama ya kamera na filamu. Sababu nyingine ni sheria. Sheria ya Uingereza ya siri za serikali ya mwaka 1911 iliitaja reli miongoni mwa mahali panapoweza kutangazwa kuwa pamezuiwa. Nchi za eneo hili zilitunga sheria zao katika mapokeo hayo, Kenya mwaka 1968 na Tanzania mwaka 1970. Lengo la ulinzi lilieleweka: madaraja na maghala ya reli yaliwahi kulipuliwa vitani, na njia ya Voi ni shahidi. Lakini katika maisha ya kila siku mipaka ya katazo haikujulikana vyema. Mgeni mwenye barua ya ruhusa alipiga picha. Mwenyeji asiyejua barua hiyo huombwa wapi alijiepusha na kamera.

Hapa pana maslahi mawili halali. Usalama wa treni na wa watu hauna mjadala, na kutembea juu ya njia ya reli ni hatari hata pale treni zinapopita kwa nadra, pengine zaidi hapo, kwa sababu watu huzoea kwamba hakuna kinachokuja. Kwa upande mwingine, taifa lisilo na picha za miundombinu yake hulazimika kuziomba kwa wengine. Utaratibu wa ruhusa ulio wazi, unaoeleweka kwa Kiswahili na unaotolewa katika stesheni, ungelinda maslahi yote mawili kuliko katazo lisilojulikana linaanzia wapi na kuishia wapi.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Njia ya Voi–Taveta–Kahe ilijengwa kwa haraka ya vita, ikatumika kwa biashara ya nchi mbili, na ikanyamaza kwa uamuzi wa kisiasa. Haiko peke yake. Nchini Uganda, njia ya Kasese, iliyofika huko mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na ile ya Pakwach, iliyofika mwaka 1964, nazo zimepitia vipindi virefu vya ukimya. Serikali za eneo hili zinapozungumzia kufufua, kujenga upya au kuacha njia za zamani, zinaamua pia, hata bila kukusudia, nini kitabaki cha kuonesha kwamba njia hizo ziliwahi kuwa hai. Pale chuma kitakapong'olewa, picha na maneno yake ndivyo vitakavyokuwa njia yenyewe.

Kwa kuzingatia hayo, makala yanapendekeza mambo matano. Kwanza, itengenezwe fomu moja ya Kiswahili ya maelezo ya picha za reli, yenye safu za tarehe, mahali kwa jina la wenyeji, mwelekeo wa treni, namba na jina la injini, sababu ya safari, aina ya safari kwa maana ya kazi au onesho, na majina ya wafanyakazi pale yanapojulikana na wahusika wakiridhia. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina nafasi nzuri ya kusawazisha istilahi za fomu hiyo. Pili, vyuo vikuu vya Kenya, Tanzania na Uganda vikusanye masimulizi ya wastaafu wa reli wakiwa na picha mkononi, na kazi hiyo ianze na waliofanya kazi kabla ya 1977. Tatu, makavazi ya taifa yaombe nakala za kidijitali za mikusanyo iliyo nje ya eneo hili, na nakala hizo zielezwe upya kwa Kiswahili badala ya kunakiliwa na maelezo ya awali pekee. Nne, mashirika ya reli yaweke utaratibu rahisi wa ruhusa ya kupiga picha, pamoja na mahali pa wananchi kukabidhi picha zao za simu. Tano, mradi wowote wa kukarabati au kung'oa njia ya zamani utanguliwe na upigaji picha kamili wa stesheni, madaraja na vyombo vilivyopo, na gharama yake iwekwe ndani ya bajeti ya mradi.

Hakuna pendekezo kati ya hayo linalohitaji teknolojia mpya. Kinachohitajika ni kukubali kwamba treni inayopita mara moja kwa mwaka ina historia sawa na ile inayopita kila saa, na kwamba historia hiyo ina watu wanaoweza kuieleza kwa lugha yao wakiulizwa mapema.